Mutoto Mwenye Uliacha ku Kilalo

Goma, tarehe 9 Februari 2025

Mama Deborah, bibi yangu,

Usishituke ukiona karatasi. Simu yangu ilibaki ku barrière, pale banasimamisha bantu mu njia. Bale basoda ba vita benye kuingia mu muji balifungua mapicha, balisikiliza masauti, balisoma kila kintu, kisha mukubwa yabo aliitia mu mufuko sawa vile ni yake toka zamani. Hii barua analeta Kapya, ule chauffeur ya camion mwenye nilijuana naye ku mupaka ya Kasumbalesa. Camion ya mizigo banaiacha ipite, bantu hapana; yake inazunguka Uganda, Tanzania, Zambia, njo inaingia kwetu. Atakupatia mu mikono. Hapana kupigia muntu ya huku simu. Simu ya huku iko na masikio.

Mama yangu tulimuzika vizuri, siku ine mbele ya muji kuanguka. Hakuona. Hiyo inanituliza roho. Lakini nyuma ya mazishi kila kintu ilifungwa: ndege, banque, njia ya kutoka. Nalala mu salle ya paroisse, bantu tumejaa sawa maharagi mu mufuko. Niko mwenyewe, peke yangu, niko muzima. Usiogope.

Fungua salle yetu ya jeu ya video. Courant ya umeme ikikuya saa ine, fungua saa ine. Kila muntu robo saa, kisha anapatia mwenzake manette ya kuchezea. Chadrack, ule mwanafunzi ya université, muombe akusaidie na mashini, anaijua. Na ile jeu ya Mulango, usiache muntu aifute. Ilibakia kidogo tuimalize.

Busu mutoto wetu Deborah ku masikio, zile zinakunjama juu sawa jani. Sisi ba kwa Paluku hatuna mali, lakini masikio tunapatia kila mutoto.

Ni mi bwana yako,
Paluku


Lubumbashi, tarehe 2 Machi 2025

Papa Deborah,

Barua yako nilisoma nikiwa nasimama, kisha nikakaa nikasoma tena, kisha Deborah akakula kipande ya kona. Kama uliandika kintu pale ku kona, ujue iko mu tumbo ya mutoto yako. Mungu asifiwe uko muzima. Mama alale kwa amani. Nilimuombea misa.

Huku tuko. Makala inapanda bei, bunga inapanda, na bantu banasema bale basoda ba kwenu batafika mpaka huku. Kila mwenye jina ya Kivu banamuangalia mara mbili. Mama jirani ya parcelle ya pili aliniuliza ku bomba ya maji, bwana yako alienda kuzika ao kupokea bantu yake? Nilimuambia, kuzika. Akasema, basi azike haraka. Bengine balicheka. Nilibeba ndoo yangu nikaenda.

Salle nilifungua. Nafunga saa kumi na mbili, juu ya mutoto. Chadrack anasaidia, ana adabu, anakuya na kitabu yake anasoma mpaka mashini inamuita.

Sasa njo nikuambie kintu inanikalia ku roho. Jumamosi courant ilidumu, batoto balienda kwabo, nikamuambia Chadrack tumalize ile jeu ya Mulango, ili bwana yangu akirudi akute iko tayari. Nilizani nakufanyia zawadi. Unajua mi sikukaaka chini kuiangalia. Ku picha ya mwanzo niliona muntu anatembea mu inchi yenye vita, na katoto ka mwanamuke kanamushika ku nguo. Lakini ku ile yako katoto hakakuwa. Muntu alikuwa anatembea yeye mwenyewe. Tukafika ku mulango mukubwa ya chuma, na mwanamuke muzee mumoja anatoka na buku, anaanza kusoma. Jina yako ilikuwa ku ekra ya mashini, PALUKU, na maherufi makubwa. Chadrack akawa ananitafsiria. Muzee anasema: uliiba ngano ya mujane. Uliuzisha rafiki yako kwa basoda. Mutoto uliacha ku kilalo, ku daraja ya kamba, na maji ilimubeba. Kisha akafunga buku. Akasema, weye ni muntu anaokoaka nafsi yake tu. Mulango haikufunguka. Ekra ikakuwa nyeusi.

Chadrack alicheka, akasema ni jeu tu, maman. Mi sikucheka. Juu ya nini uliacha mutoto?

Na tena. Kapya mbele ya kwenda aliniuliza wapi banauzisha masandali ya batoto ya muzuri. Nikasema, ni kwa mutoto yako? Akasema hapana, ni bwana yako alimutuma, numero makumi mbili na saba. Kisha akashika kinywa sawa muntu amemeza inzi. Papa Deborah, mutoto yako anavaa makumi mbili na mbili. Makumi mbili na saba ni mutoto ya miaka tano. Ulisema uko weye mwenyewe.

Pengine iko maneno ya rahisi. Niambie ile ya rahisi, nitaikubali.

Bibi yako,
Edith


Goma, tarehe 23 Machi 2025

Mama Deborah,

Nilingojea barua yako siku makumi ine, na ilipofika nikakuta ni tribinali.

Kwanza sandali. Ni ya mutoto ya katekista mwenye anatutunza hapa ku paroisse. Miguu yake ilikuwa wazi. Kapya ni muzuri ku volan ya camion, lakini kinywa yake haina frein ya kuisimamisha.

Ya pili, jeu. Weye ulikuwaka unapika ku nyuma, haukujua namna salle inatembea. Ile mashini iko na jina moja tu, yangu, juu ni mi mwenye salle. Muntu akilipa robo saa, hapana kuanza mupya, anaendelea pale mwenzake aliishia. Njo desturi yetu toka mwanzo, juu robo saa haitoshe kuanza. Mafundi ya kuchoma chuma balicheza, bauzishaji ba makala balicheza, batoto ba masomo balicheza na kartabu ya vitabu ku mugongo. Quartier muzima, mutaa yote, ilitembea mu miguu ya ule muntu. Na maneno ya ekra iko Kiingereza, hakuna mwenye anasoma. Kukikuya kuchagua, banafinya kile kifungo cha juu, haraka, juu robo saa inapita. Njo vile ngano ya mujane iliibwa. Mwizi wake ni kifungo. Ule muzee na buku yake anahukumu bantu mia moja sawa muntu mumoja, kwa maulizo yenye habakusikia. Na weye unanihukumu nyuma yake.

Sasa na mi niulize. Ni nani alikuambia umalize jeu yangu? Nilisema isifutwe, sikusema imalizwe. Chadrack anatafsiri, Chadrack ana adabu, Chadrack anakuya na kitabu. Kitabu gani anasoma mu salle mpaka saa kumi na mbili, na bwana hayuko? Kapya aliniambia alikuta mulango ya salle inafungwa nusu. Mi pia niko na macho, hata kama iko mbali.

Njia bado inafungwa. Ombea.

Paluku


Lubumbashi, tarehe 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Paluku,

Sikuandika papa Deborah, utaona juu ya nini.

Mulango ya salle nafunga nusu juu mutoto yako amejua kutembea na camion zinapita ku njia. Hiyo kwanza. Chadrack nilimuambia asirudie tena. Alishangaa, akasema asanti, akachukua kitabu yake. Sasa mashini ikikwama nafanya ishara ya musalaba naifinya. Umefurahi?

Maneno yako ya robo saa nilikubali. Kweli, nililia kwa furaha. Nilisema, ona, Edith, bwana yako iko safi, ni quartier njo ilipotea. Nikaenda kumuambia yaya Clotilde, dada yangu mukubwa. Unamujua yaya, yeye haaminie hata saa ya kanisa. Akaniuliza: ile mashini haiandike siku?

Inaandika, Paluku. Mbele Chadrack aondoke alishanionyesha namna ya kufungua. Kila pale mashini iliweka jeu ili isipotee, kuna tarehe na saa. Nilikaa na buku yangu ya salle, nikalinganisha moja moja, sawa mutoto ya masomo. Ngano ya mujane: Jumanne, saa kenda, salle ilijaa, ni kweli. Rafiki kuuzishwa: siku ya soko, ni kweli. Kilalo: Jumapili, tarehe 27 Oktoba ya mwaka yenye ilipita, saa ine ya asubuhi.

Jumapili salle inafungwaka. Ufunguo iko moja. Na ile Jumapili ulisema uko na homa, tukaenda ku misa mi na mutoto, nikakuombea mbele ya bantu yote ili homa ishuke.

Hakukuwa fundi, hakukuwa muuzishaji ya makala. Kulikuwa weye. Na ulinidanganya, uliniambia bongo mara mbili, siku ya homa na mu barua.

Kapya naye nilimushika ku mukono. Nilimuambia hatapanda camion mbele aseme. Alisema iko mutoto mwanamuke, anaitwa Benita, analala pembeni yako, na anakuita papa. Haiko ya katekista. Katekista ni mutawa, hana hata paka.

Yaya Clotilde anasema bantu ya biashara ya Kivu iko na nyumba na bibi ku kila muji, Goma, Butembo, Kasumbalesa, ni sawa vile banafungua madepo ya bintu. Nilimukatalia. Nilimukatalia mpaka sauti ikanikauka. Mutoto ya miaka tano, na sisi tulioana iko miaka ine. Hii hesabu hata mi naiweza.

Baba yangu alikuwa ku chemin de fer, kazi ya train, miaka makumi tatu. Alisemaka train ikikosa njia kidogo, kwa ndani hausikie kintu, unasikia tu kikombe ya chai inatikisika. Kikombe yangu inatikisika.

Nimefunga bintu yangu na ya Deborah mu mufuko moja. Bado iko nyuma ya mulango. Sijaenda. Andika kweli, hata kama ni mubaya. Ile ya muzuri nimeshiba.

Edith


Goma, tarehe 9 Mei 2025

Mama Deborah,

Bado nakuita vile mpaka unikataze.

Kilalo ni mi. Ile Jumapili sikuwa na homa. Nilitaka kucheza mi mwenyewe siku moja, bila batoto kupiga kelele nyuma ya kichwa. Tulifika ku kilalo cha kamba, mi na kale katoto ka mu jeu. Kanaogopa, kanapunguza mwendo, na bale babaya banakuya nyuma. Ekra ikauliza. Kiingereza ya Kasumbalesa nilijifunza kidogo, ya kuuzisha na kununua, lakini ile nilisoma vizuri: unamuacha? Nikafinya ndiyo. Nilivuka. Kilalo kikaanguka nyuma yangu, sawa vile jeu inataka, ili usiweze kurudi. Niliweka manette chini. Nilikunywa maji. Niliona haya, Edith, mu chumba ya peke yangu, na sikujua namna gani muntu anamuambia bibi yake aliona haya mbele ya picha. Njo nilisema homa.

Sasa Benita. Soma polepole.

Siku muji ilianguka tulikimbia, kila muntu na yake. Kulikuwa mutaro mukubwa, maji ya mvua inajaa, na juu yake balitia mbao mbili. Bantu banavuka mumoja mumoja. Upande ya nyuma kulisimama katoto na bidon ya njano ya maji, hakalie, kanaangalia tu mbao. Kila muntu anapita pembeni yake. Na mi nilipita. Nakuambia kweli yote: nilipita. Nilivuka, nikaendelea, nikafika ku kibanda kimoja cha kuuzisha mafuta, pale risasi zilikuwa zinasikika mbali kidogo. Nikageuka. Sijue juu ya nini nilizani mbao zitakuwa zimeanguka. Zilikuwa pale. Zilikuwa pale tu, mbao mbili, muntu yeyote anaweza kurudi.

Nilirudi. Siseme jeu ilinifundisha. Jeu haifundishe muntu. Lakini kidole yangu ilikuwa inajua tayari namna kunakuwa nyuma ya kuacha.

Mama yake tulimutafuta juma mbili, ku paroisse, ku hopitali, ku orodha ya croix-rouge ya bantu benye kupotea. Hayuko. Hakuna mwenye anajua jina yake ingine. Ku barrière banaume peke yao banachukuliwa kubeba bintu ya vita, mwenye mutoto banamuacha apite. Njo nilimufundisha aniite papa. Mara ya kwanza ilikuwa ya kudanganya basoda. Sasa haiko basoda, na bado ananiita. Tazama, nakuambia na hiyo: yeye pia aliniokoa mi, haiko mi tu nilimuokoa.

Nilificha juu nilijua hesabu yenye utafanya. Miaka tano, miaka ine. Nilisema nitamuambia nikifika, atamuona, atasikia huruma. Nilikosa. Muntu mwenye anaficha mutoto muzuri anakuwa sawa na mwenye anaficha mutoto mubaya, namna ya kuficha ni moja.

Sasa njo kintu naomba. Hii barua anabeba chauffeur mwenzake ya Kapya, anatangulia. Njia ilifunguka kidogo, Kapya mwenyewe anatubeba mwisho ya mwezi. Ku mipaka ingine iko mama mumoja mufanyabiashara ya Butembo mu camion yetu, atasema mutoto ni yake. Lakini yeye anashukia Kitwe, mu Zambia. Ku Kasumbalesa nitabakia mi na Benita, bila karatasi, mwanaume wa Kivu mwenye anatoka kule kwenye vita. Batasema mwizi ya batoto, ao mupelelezi, ao yote mbili. Lazima mwanamuke asimame aseme mbele ya agent: huyu ni wetu. Neno yako tu. Karatasi tutatafuta nyuma.

Tutafika kati ya tarehe 16 na 19 ya Juni. Kama hautakuya, sitakulaumu. Lakini sitavuka bila yeye. Nitarudi Kitwe, kuna masista, nitatafuta kazi karibu na pale. Nilishavuka mara mbili nikamuacha muntu nyuma, moja ku ekra, moja ku mbao. Ya tatu siiweze.

Chadrack umuombe musamaha kwa jina yangu.

Paluku


Lubumbashi, tarehe 8 Juni 2025, Pentekoste

Papa Deborah,

Hii barua sina muntu ya kupatia. Uko mu njia, hata sijue ni inchi gani. Naandika tu, juu nikinyamaza kichwa inapiga kelele.

Barua yako nilisoma mara mingi. Kuna asubuhi naamini yote, mpaka mbao na bidon ya njano. Saa sita ya mchana naanza tena. Nasema, huyu ni muntu anaandika vizuri. Barua ya kwanza pia iliandikwa vizuri, na ndani kulikuwa "niko mwenyewe".

Nilimuita Chadrack. Nilimuomba musamaha, yako na yangu. Alisema haiko kintu, maman, mimi hata sikujua nilikosa nini. Kisha nikamuambia tuanze ile jeu mupya, na jina yangu. Juma moja nzima, kila asubuhi mbele ya kufungua salle, Deborah ku magoti yangu anashika manette ingine yenye haina pile, haiwake. Chadrack ananisomea kila ulizo mpaka mwisho, na mi nachagua bila haraka. Mujane nilimuachia ngano. Rafiki nilimuficha. Ku kilalo nilibeba katoto ku mugongo, na babaya balitufikia, nikapigwa, nikafa, nikaanza tena, nikafa mara kumi na moja. Lakini tulivuka.

Muzee akakuya na buku. Akasoma bizuri yote nilifanya. Mulango ikafunguka, muziki, mauwa, mwanga. Chadrack alipiga makofi. Deborah naye akapiga.

Na mi nilikaa pale. Nilizani nikifika mu mwanga kuna kintu itaingia mu roho na nitajua. Hakuna kintu iliingia. Nilibakia tu vile, na mufuko nyuma ya mulango, bila kujua kama bwana yangu anasema kweli. Ile jeu inajua kila kintu juu ni yeye alitengeneza kilalo. Mi sikutengeneza kintu. Niko tu na karatasi yako.

Yaya Clotilde alinipatia akili yake. Alisema, usibishane na maneno. Nenda ku Kasumbalesa, angalia masikio ya ule mutoto. Ba kwa Paluku banajiandikaka pale. Kama inakunjama juu sawa jani, unageuka unarudi na minibus ile ile, na hauseme hata yambo. Kama iko ya kawaida, basi ni mutoto ya bantu, ufanye vile roho inasema.

Niliona ni akili ya kweli. Sikulala vizuri toka pale, lakini ni akili ya kweli. Nitakuya. Nitaangalia masikio.

Edith


Kasumbalesa, upande ya Zambia, tarehe 18 Juni 2025

Kwa mama mwenye kikwembe ya kijani, na mutoto mudogo ku mugongo, kama iko pale

Edith,

Karatasi hii anabeba mama mwenye anauzisha mayai, yeye anapitaka pande zote mbili na banamujua. Sijue kama uko. Nilimuambia atafute kijani, juu ni ile kikwembe, ile kitenge nilikuachia.

Tuko toka juzi mu mulolongo, camion ya kumi na moja. Agent ya mupaka ya kwetu alishaniuliza mara mbili. Mama ya mutoto iko wapi? Nikasema anakuya. Akacheka, akaambia mwenzake, huyu anangojea bibi sawa muntu anangojea train. Alinipatia mpaka saa kenda. Nyuma ya pale atafunga kazi na ataniandika jina sawa mwizi ya batoto.

Benita ananiuliza mama mwenye anakuya iko namna gani. Nilimuambia anacheka na meno ya mbele tu. Hiyo njo ilinikuya ku kichwa.

Kama hauko, haka karatasi katarudi na mama ya mayai, na nitamubeba turudi Kitwe.

Paluku


(nyuma ya karatasi ile ile)

Papa Deborah,

Niko hapa toka saa mbili ya asubuhi. Camion yenu naiona. Nilikuona unashuka na yeye kukojolesha ku majani, ulikonda mpaka kaputi ku mwili inakuwa sawa koti ya muntu mwengine. Haukuniona juu nilisimama nyuma ya bacambiste, bale ba kubadilisha feza. Sikuinua mukono. Nakuambia kweli, juu tulisema kweli: nilikuwa nangojea ageuke, nione masikio. Kutoka huku ni mbali. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia tu mukono yako, kama bado inamushika.

Nilisimama vile saa mingi. Kisha nikawaza: nikiona kwanza, njo niseme ni wetu, ile haitakuwa neno yangu. Itakuwa ya masikio.

Sasa sikiliza. Ile kitambaa uko unafunga ku shingo, itoe. Umufunge ku kichwa, ifunike masikio yote mbili, ukaze na kifundo chini ya kidevu. Usiniambie kintu juu yake. Kisha umubebe umulete ku dirisha ya agent. Nitasimama pale na Deborah, na akiniuliza nitasema ni wetu, sauti ya kusikika mpaka ku bacambiste. Siku ya kumuosha kichwa nitaona yenye nitaona. Itakuwa ku nyumba yetu, na mulango itakuwa ilishafungwa nyuma ya sisi yote ine.

Sandali Kapya hakupataka. Mi nilipata. Niliacha makumi mbili na saba, nikachukua makumi mbili na nane, juu miguu ya batoto haingojee.

Kuya haraka, ni saa munane na nusu.

Edith, mama ya Deborah na ya Benita